Kibuyu cha Matunda Mabichi

Kama umeajiriwa juzi kukusanya mimea, naomba uniamini katika jambo moja kabla hujanunua viatu vya porini: ua halina shida. Jani nalo halina shida. Unalilaza katikati ya gazeti, unafunga fremu ya kubania kwa mikanda, unabadilisha magazeti kila siku, na baada ya wiki limekauka, linakusubiri upate nafasi. Adui yako ni tunda. Wala si kila tunda, maana yako matunda matulivu. Ganda la myombo ni kama kipande cha ubao. Unalitia kwenye bahasha na kulisahau. Nasema tunda la nyama, lenye maji ndani, linaloendelea kuiva likiwa mkobani mwako, linalovuja, linalonukia, linaloita siafu kutoka kijiji cha pili.

Mimi nilijifunza hilo mwezi wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mtoto wa karani kutoka Rungwe aliyehamishiwa Sumbawanga, na nilidhani elimu yangu inatosha kubana kitu chochote. Tulikuwa msitu wa Mbizi. Nikachuma matunda ya mkuyu yaliyoiva, nikayapanga vizuri kwenye magazeti, nikafunga fremu, na ili ikaze sawasawa nikaikalia. Siku ya tatu mkuu wangu alipoifungua, tunda lilikuwa limekwisha. Palikuwa na rojo jeusi, funza wawili watatu, na juu yake hotuba ya waziri kutoka gazetini imejichapa kinyumenyume. Akaliangalia muda mrefu, kisha akasema, "Hongera, Asajile. Umegundua mkuyu unaohutubia."

Huyo mkuu wangu alikuwa mtaalamu wa mimea aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Alikuja Ufipa misimu mitatu ya mvua, ile miaka ya vijiji vya ujamaa, akiwa na Landrova moja, dereva mmoja na mimi. Tulimwita Daktari, na jina hilo lilitutesa. Kila kijiji tulichofika watu walijipanga na vikohozi vyao na watoto wenye upele. Yeye alikuwa na spiriti na pamba kidogo, akawa anasafisha vidonda na kuwaomba radhi kwamba anatibu mimea, tena iliyokwisha kufa. Baadaye wakampa jina jingine, Bwana Matunda, na hilo lilimkaa vizuri zaidi.

Kazi yangu niliiacha kabla ya wakati. Ofisi ilipunguza watu, nikapunguzwa, na mvi zilikuwa bado hazijaamua ziote upande gani. Sasa nina miaka arobaini na kitu na nimeshindwa kutulia. Nimekaa Mpanda, nimekaa Muze kwa ajili ya joto, na haya nayaandika Kabwe, kwenye chumba cha kupanga chenye harufu ya dagaa. Miguu iliyozoea kufuata miti haijui kukaa kitako. Lakini kila ninapohamia kuna kijana anayeniuliza jinsi ya kuhifadhi tunda, na kila mara naanza na maelezo ya dawa na chupa, kisha najikuta nasimulia habari ya kibuyu cha Mama Skolastika. Basi afadhali niiandike mara moja.

Kwanza mjue tulikuwa tunatafuta nini, maana watu walituona wajinga, watu wazima watatu wenye gari la serikali kuzunguka wakichuma matunda ambayo hata watoto wameyazoea.

Daktari alikuwa na swali moja lililomnyima raha: nyama ya tunda ilianza vipi? Alisema mawe ya kale yametunza mabaki ya mimea ya maua ya mwanzo kabisa, ya zama za mijusi wakubwa, na kwamba maua yale yalikuwa madogo sana, na mbegu zake ndogo kama za mchicha. Matunda mengi yalikuwa makavu. Lakini si yote. Machache, tangu mapema, yalikuwa na nyama kidogo kuzunguka mbegu, nyembamba kama ngozi ya kunde. Baadaye sana, mijusi ile ilipokwisha, misitu ikafunga, ndege na wanyama wenye kunyonyesha wakazidi, ndipo matunda yakanenepa.

"Sasa ile nyama nyembamba ya mwanzo," alikuwa anasema, "ilikuwa ya nani? Ililetwa kumlisha mtu, au ililetwa kuizuia mbegu isiliwe na wadudu na isioze?"

Hakuwa na jibu. Ndiyo maana alitafuta mimea ya ukoo wa zamani, ile ambayo mababu zake walitangulia kujitenga na wenzao. Tuliteremka Ziwa Rukwa kuchukua matunda ya yungiyungi, yanayoivia chini ya maji na kupasuka, mbegu zikaelea. Na juu ya tambarare, kwenye miteremko ya miombo, tulitafuta mtopetope mwitu. Huo mnaujua, mti mfupi, ua lake nene kama limekatwa kwenye ngozi, linatazama chini kama lina aibu. Daktari alitaka matunda yake ya kila umri, kuanzia kitunda kigumu cha kijani cha ukubwa wa punje ya hindi hadi lile la manjano linalonukia nanasi. Alitaka kuona, hatua kwa hatua, sehemu ipi ya ua inageuka nyama, na lini uchungu unageuka utamu.

Hapa nawapa kanuni ya kwanza ya kazi. Ukitumwa tunda usilete lililoiva peke yake. Mtu mwenye njaa huchuma lililoiva; mkusanyaji huchuma familia nzima. Na andika rangi papo hapo, penseli, maana spiriti hula rangi, na baada ya mwezi tunda jekundu, la njano na la kijani yote yatakuwa kama viazi vilivyochemshwa.

Mitopetope mingi tuliipata ukingoni, pale tambarare inapokatika na bonde la Rukwa kuonekana chini kama limechorwa. Palikuwa na kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili, watu wamehamia msimu mmoja uliopita na bado wanalaumu upepo. Tulifikia kwa Mzee Pius, aliyekuwa na chumba cha ziada. Alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi, mrefu, mkavu, na alikuwa amesoma kwa mapadre enzi zake, kiasi cha kuitikia misa yote ya Kilatini bila kitabu. Jambo hilo alihakikisha tunalijua kabla hatujashusha mizigo. Mkewe, aliyemwita Baba Toma kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ndiye Mama Skolastika, mfupi, msemaji, aliyekuwa amejifunza kusoma ukubwani kwenye darasa la watu wazima na sasa anasoma kila kitu, hata maandishi kwenye mifuko ya mbolea.

Mchana wa pili Daktari alikaa nao uani, akapasua matunda kwa nusu ya wembe, akawaonyesha. Aliwaambia kwamba nyama haikutoka mahali pamoja. Kwenye mtopetope ni vitunda vingi vya ua moja vimeshikamana vikawa kimoja. Kwenye mkuyu ni ghala lililojaa maua, maua yamejifungia ndani. Na bibo la korosho je? Lile bibo si tunda, ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho. Akawatolea na mbegu ya mti wa podo kutoka Mbizi, iliyokaa juu ya kitako chekundu chenye nyama.

"Huyu hana ua kabisa," akasema. "Ukoo wake ni mkongwe kuliko maua yote. Lakini tazameni, naye amevimbisha kikonyo chake akakipaka rangi. Kwa hiyo nyama imeanza mara nyingi, kwa miti tofauti, kila mmoja na kiungo alichokuwa nacho."

Mama Skolastika alikigeuza kile kitako chekundu. "Kwa hiyo mti unalipa mpagazi."

"Naam?"

"Hauna miguu. Una mzigo, na mzigo ni mbegu. Anayepita anapewa kitu kitamu, anabeba. Ule wenye mbegu nyepesi unamwachia upepo, haulipi kitu."

Daktari akaniangalia. "Asajile, andika hilo."

"Lakini mti ulijuaje kwamba ndege anapenda tamu?" Mzee Pius aliuliza. Hakufurahi mkewe kuandikwa.

"Haukujua, mzee. Iliyozaa vitunda vyenye nyama kidogo, mbegu zake zilifika mbali, zikaota. Mingine mbegu zake ziliangukia kivulini kwa mama yao, zikafa. Wajukuu wa ile ya kwanza wakawa wengi, na wenye nyama zaidi kati yao wakafika mbali zaidi. Hivyo hivyo, miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Na mbegu zikiwa hazijakomaa, tunda hubaki gumu na chungu; linasema bado, usiniguse."

Mzee Pius akafikiri. "Kitabu kinasema miti siku ya tatu, ndege siku ya tano."

"Hivyo ndivyo."

"Basi matunda yalikaa siku mbili bila mlaji."

"Hapo hatugombani sana, mzee," Daktari akasema. "Hata mimi nasema ya kwanza mengi yalikuwa makavu."

Mzee akaridhika kabisa. Kuanzia hapo alimchukulia Daktari kama mtu wa dini.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tunda la nyama halibanwi, mmeshaelewa. Linatiwa kwenye dawa. Sisi tulichanganya spiriti, siki na fomalini, ambayo ni sumu inayotumika hata kuhifadhia maiti. Chupa zetu za vioo zilikuwa kumi na mbili tulipotoka mjini. Barabara ya kuteremka Muze ilivunja tano, mbili zikabaki na nyufa. Na miaka ile, vijana, hukuweza kwenda dukani ukasema nipe chupa. Duka la ushirika lilikuwa na majembe, chumvi siku ikiwepo, na karani. Tukaishiwa chupa, na matunda bora kabisa, ule mfuatano wote wa kijani hadi manjano, yako mkononi.

Nikamwendea Mama Skolastika. Akanipa kibuyu, kizuri, cheusi kwa moshi, mdomo wake unapitisha yai la kuku. "Hiki cha pombe ya wageni," akasema. "Usinivunjie." Nikatia dawa, nikatia matunda madogo kumi na moja, nikaziba kwa gunzi lililozungushiwa kitambaa.

Na lebo? Lebo niliandika, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Jina la mti kwa Kilatini, namba, mahali. Kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti. Na nikaitia ndani. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu mpaka leo: lebo hukaa ndani pamoja na tunda, ili zisitengane. Kwenye chupa ya kioo unaisoma kutoka nje. Kwenye kibuyu, nani ataisoma?

Jumamosi asubuhi tuliondoka. Nilikiweka kibuyu kivulini karibu na mlango wa jiko, kisipate jua wakati dereva anapanga mizigo, nikaenda kuaga. Tuliaga sana. Ufipa hakuna kuaga kwa haraka. Mnapiga makofi, mnainama, mnaulizana habari za barabara ambayo hakuna aliyeipita bado. Tukapanda, tukaondoka. Gari likapata pancha mara mbili, tukafika Sumbawanga tumechoka, tukalala bila kufungua kitu.

Jumapili asubuhi nilifungua mizigo nibadilishe magazeti. Nikahesabu chupa: nzima tano, zenye nyufa mbili. Nikahesabu tena. Daktari alikuwa anakunywa uji mlangoni.

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza.

Akilini nilikiona waziwazi kilipokaa, karibu na mlango wa jiko, kimejaa, kimezibwa. Na hapo hapo nikakumbuka jambo ambalo kila aliyelelewa Ufipa, na kwetu Rungwe pia, analijua tangu akiwa mtoto: chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu. Umeazima sufuria, unairudisha na viazi vitatu. Umeazima ungo, unaurudisha na maharage kiganja kimoja. Hiyo ndiyo asante. Wale watu wangemkuta mgeni wao ameondoka, na kibuyu chao cha pombe kimerudi mlangoni, kimejaa kitu kinachonukia ukali. Wangewaza nini kingine? Na Jumapili ile ile walikuwa na ubatizo wa mjukuu. Walikuwa wametuambia tubaki.

"Daktari," nikasema, "wataninywea."

Aliweka uji chini. Tanki la gari lilikuwa kavu, na kibali cha petroli kilikuwa mpaka ofisi ifunguliwe Jumatatu. Simu ya kule haikuwepo. Akatoka mbio kumtafuta yeyote mwenye gari, mimi nikachukua baiskeli ya mlinzi. Aliniambia neno moja tu nikiwa tayari naendesha: "Matunda yasikushughulishe."

Gari hakulipata. Sitawaeleza barabara. Milima mnaijua, na baiskeli ilikuwa na breki ya mguu tu, yaani kiatu changu. Nilichokuwa nafanya ni kuhesabu. Glasi moja humfanya nini mzee mkavu vile? Kama si kumuua, ingempofusha. Na Ufipa mtu hanywi peke yake. Sherehe ina wazee kumi, kila mmoja anaonja. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na niliona makaburi kumi yamepangwa mistari miwili kama nyumba za kijiji.

Njiani palikuwa na kizuizi cha mgambo, walikuwa wanazuia mahindi ya magendo. Mmoja akashika usukani.

"Ndugu, unakimbilia wapi Jumapili?"

"Kuna mtu amekunywa sumu."

"Amekunywa au atakunywa?"

"Sijui."

Akamwangalia mwenzake. Mwenzake akasema, "Mwache apite. Mtu anayedanganya angejua."

Jua lilikuwa limepinda nilipoiona mistari ile miwili ya nyumba. Nikasikia kuimba. Upepo wa ukingoni huchana sauti. Unasikia neno la kwanza na la mwisho. Ulikuwa wimbo wa kanisa, na nyie Wakatoliki mtanisamehe, sisi wa kwetu hatukujua kuupambanua. Nikauliza nafsi yangu kama ni wa ubatizo au wa mazishi. Nikaingia uani nikisukuma baiskeli. Watu wamekaa chini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, kama matanga. Kiti cha Mzee Pius, kile cha mgongo wa ngozi ambacho hakikaliwi na mwingine, kilikuwa kitupu.

Mama Skolastika alikuwa anapakua ugali wa ulezi kutoka chungu kikubwa. Akainua uso.

"Asajile. Mmesahau kitu?"

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi?"

Akabana midomo, akaendelea kupakua. "Kamuulize mwenyewe."

"Mama, nakuomba. Yuko wapi?"

"Nyuma, kwenye zizi. Amenuna tangu jana."

Nikakaa chini pale pale. Mtu aliyenuna ni mtu mzima wa afya. Nimesikia habari nyingi njema maishani, nimefaulu mtihani, nimezaliwa watoto, lakini sijapata tena kusikia neno tamu kama lile, amenuna.

Mama Skolastika aliona uso wangu, akaacha mwiko. "Kimekupata nini?"

"Kile kibuyu, mama. Ni sumu."

"Najua," akasema.

Alinivuta pembeni. Jana, alisema, walikiona kibuyu mara gari lilipoondoka. Mzee alifurahi sana, akasema kweli hawa watu wamelelewa. Akakinusa, akakohoa, akasema hii si pombe ya kawaida, hii imetoka mjini. Akaleta glasi. Mkewe akamwambia angoje amimine kwenye beseni, maana ndani kulikuwa kunagongagonga. Akamimina kidogo. Yakatoka matunda manne, ikatoka na karatasi.

"Nikaisoma," akasema. "Herufi nazijua zote. Maneno siyajui. Si Kiswahili, si Kifipa. Nikampa yeye. Akavaa uso wa Jumapili. Akasema, mke wangu, hiki ni Kilatini."

"Yesu wangu."

"Akasema, basi imebarikiwa. Wameipitisha kwa padre kwa ajili ya mtoto. Akashika glasi."

"Ukafanyaje?"

"Nikatazama beseni. Moja lilikuwa la njano, nikasema sawa. Mengine matatu mabichi. Yale ya kijani, magumu, kama kokoto. Nikamwambia, Baba Toma, mtu akitoa zawadi ya matunda hatoi mabichi. Hata tumbili hachumi hayo. Bwana Matunda mwenyewe alitukalisha hapa akatuambia, tunda bichi linasema bado, usiniguse. Atatupaje kitu kinachosema usiniguse? Akasema mimi najifanya najua kuliko Kilatini. Nikamnyang'anya glasi nikamwaga."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kaka zake wawili." Akatazama upande wa zizi. "Ndiyo shida yenyewe."

Kibuyu alikuwa amekiziba kwa gunzi lile lile, akakipandisha juu darini, mbali na watoto na mbuzi, akisubiri tumtume mtu aje kukichukua. Hata yale manne aliyokuwa amemimina aliyarudisha ndani kwa vijiti viwili, na karatasi pia.

Ngoja niwape hapa yanayowahusu ninyi, nisije nikasahau. Matunda yale yalifika Dar es Salaam yote kumi na moja. Daktari aliyakata, akachora, na mwaka uliofuata alinionyesha michoro: vitunda vidogo vya ua vikisogeleana, vikigusana, vikifungana, na nyama ikijaa nyuma yao. Lile la kijani lilikuwa gumu pande zote, halina mahali pa mdudu kuanzia. Utamu uliingia mwishoni kabisa, mbegu zikishakomaa. Alifikiri inawezekana nyama ilianza kama mlinzi, na baadaye mlinzi akafunzwa ukarimu. Lakini mti mmoja, alisema, ni shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe anaishi leo. Kesi ni ya zamani mno. Alikufa na swali lake, na sikumwona akilionea huzuni. Na tangu Jumapili ile sikuwahi kutia dawa kwenye chombo cha chakula, hata kama tunda lingeoza mkononi mwangu, na kila chombo changu kilikuwa na lebo mbili: ya ndani kwa ajili ya wataalamu, ya nje imeandikwa SUMU kwa herufi za kidole gumba, na chini yake fuvu, kwa ajili ya wasiosoma na wanaosoma kupita kiasi. Fanyeni hivyo. Ofisi isipowapa karatasi, chanjeni kwa kisu.

Basi nikaenda kwenye zizi. Mzee Pius alikuwa amekaa juu ya gogo, kanzu yake nyeupe ya sherehe imeingia vumbi, anawatazama ng'ombe kana kwamba wao ndio waliomwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunywa? Hakuna cha kunywa. Kilimwagwa."

Nikapiga magoti nikamweleza yote. Spiriti, siki, fomalini, wapi inatumika fomalini. Nikamweleza lebo, na kwamba kile Kilatini ni jina la mti tu, halina baraka yoyote ndani yake. Nilisema kosa ni langu peke yangu. Alinisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza aliokota unyasi mkavu akauvunja vipande.

"Ingeniua?"

"Ingekuua, mzee. Au ingekuachia roho ikachukua macho."

"Na kaka zangu?"

"Na wao."

Akavitupa vile vipande. "Jana sikula chakula cha mke wangu," akasema. "Leo kanisani nilikaa benchi la nyuma." Kisha akasimama, akakung'uta kanzu, akanipita.

Nilimfuata mpaka kona ya nyumba. Wageni walipomwona wakaanza kusogea apate njia ya kwenda kwenye kiti chake, lakini hakwenda kwenye kiti. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye chungu, akasimama mbele ya mkewe, na mbele ya kaka zake wawili na padre na kijiji kizima akakunja magoti, akapiga makofi polepole, viganja vimeinama, vile mwanamume wa Kifipa anavyomwamkia mkwe wake au mtemi.

Wimbo ukakatika. Watoto walicheka, wakanyamazishwa. Mama Skolastika alibaki na mwiko hewani, ugali unadondoka. Hakuna aliyewaeleza wageni sababu siku ile, na wengi wao, nadhani, hawakuijua kamwe.

"Chakula chako cha jana bado kipo," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ila kimepoa, Baba Toma."

"Nipe hicho hicho," akasema Mzee Pius.